Kisima cha Um-Dalu

Sehemu ya kumi na mbili

Neno lilikuwa moja tu.

Wiki iliyopita tulimwacha Jawza kwenye dirisha namba saba. Faili la kijani lilikuwa limefunguliwa mbele yake kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita, na mkono wa Bwana Barrak, ofisa wa mafaili ya uraia, ulikuwa umefunika nusu ya ukurasa. Sasa mkono ukaondoka. Jawza akasoma.

"Um-Dalu."

Akageuza karatasi. Nyuma hapakuwa na kitu. Akairudisha mbele. Palikuwa na tarehe ya mwaka sitini na tano, alama ya kidole gumba cha baba yake, na neno hilo kwa wino wa bluu uliofifia.

"Ndiyo hii?" akauliza. "Karina yenyewe ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo, dada yangu," akasema Bwana Barrak, akalifunga faili.

Wewe uliyeanza kutusoma leo, sogea nikupe habari haraka. Karina ni ushahidi ambao serikali inasema inao kwenye faili lako kwamba wewe si wa hapa, asili yako ni nchi jirani. Huonyeshwi. Unaambiwa tu kwamba ipo. Jawza ni mwalimu wa Sulaibiya, amezaliwa hapa. Baba yake, Mzee Farraj, aliendesha lori la jeshi la nchi hii miaka ishirini na miwili. Na wote ni bidun, yaani "bila": bila uraia wa hapa, bila uraia wa kwingine.

Kadi zao za utambulisho zimekwisha muda. Watapewa mpya endapo mzee, mwenye faili, atatia sahihi kukiri kwamba wametoka kwa jirani. Bila kadi, Shaikha, binti wa pekee wa Jawza, aliyepata asilimia tisini na saba, hataingia chuo kikuu kusomea udaktari. Usajili unafungwa Alhamisi saa saba mchana. Siku Jawza alipoliona neno lile ilikuwa Jumatatu.

Kuna msomaji wa Tanga kaniandikia kwa hasira: mbona mzee hatii sahihi tu, yakaisha? Ndugu yangu, jirani hawajui watu hawa. Hana jina lao popote. Na faili ni moja, chini yake wamo watoto, wajukuu na wapwa arobaini na watatu, hata mume wa Jawza, marehemu, aliyekuwa binamu yake, alikuwemo humohumo. Mzee akitia sahihi, wote arobaini na watatu wamekuwa wageni siku hiyohiyo.

Haya, tuendelee.

Jawza alifika nyumbani hajavua hata buibui. Mzee Farraj alikuwa amekaa kwenye godoro lake la ukumbini, birika la gahwa, kahawa yao ya iliki, kando, Shaikha akimkata kucha.

"Baba, mwaka sitini na tano nani alikuja kukuuliza maswali?"

Mzee akacheka. "Yule karani wa hema! Kijana wa mjini, viatu vinang'aa, mchanga unamkera. Mbona umemkumbuka?"

"Alikuuliza nini?"

"Aliniuliza jina. Halafu akaniuliza, wewe wa wapi?"

"Ukamjibu Um-Dalu."

"Ningemjibu nini tena? Ndiko tulikokuwa tunanywesha ngamia."

Jawza akakaa chini pale alipo. "Baba, alikuwa anakuuliza nchi yako!"

"Basi angesema nchi. Alisema wa wapi. Mtu akikuuliza wewe wa wapi unamtajia maji yako, ndivyo tulivyokuwa tunaulizana. Wa mjini ndio wanaotaja mitaa." Akamwangalia binti yake, na kicheko kikaanza kumtoka usoni. "Kwani nilikosea?"

"Mwaka ule tu ndio mlikuwa Um-Dalu?"

"Mwaka ule tu. Mvua ilikatika huku. Mwaka uliotangulia tulinywesha Jahra, hapahapa nchini. Mwaka uliofuata Jahra tena."

Shaikha aliacha kukata kucha. "Kwa hiyo karani angechelewa mwaka mmoja, sisi tungekuwa raia?"

Mzee alijimiminia gahwa, akaisahau kikombeni. Mimi nimekaa na watu hawa muda mrefu na bado sijui nilichukieje jambo hili, kwa sababu sioni wa kumchukia. Karani aliandika alichoambiwa. Mzee alijibu alichoulizwa.

Jumanne saa nne asubuhi simu ya Jawza ikalia darasani.

"Jawza! Toka humo! Njoo sasa hivi!"

Huyo ni wakili Badriya. Mnamjua, mwenye uraia wake kamili na sauti ya kusikika Jahra nzima, anayewatetea hawa bila malipo na kwa matusi. Jawza alipofika alimkuta amepiga magoti juu ya ramani iliyotandazwa sakafuni.

"Um-Dalu iko wapi leo?" Badriya akauliza.

"Kwa jirani. Kilomita tisa ndani."

"Leo! Nakuuliza, mwaka sitini na tano, siku baba yako anaweka kidole, ilikuwa wapi?"

"Si palepale? Kisima kina miguu?"

"Kisima hakina miguu, mpenzi, mpaka ndio una miguu!" Badriya akaipiga ramani kofi. "Hapa pote palikuwa Eneo la Kati. La nchi mbili kwa pamoja, nusu kwa nusu, kila punje ya mchanga. Mkataba wa kuligawa ulikuja kutumika miaka kadhaa baadaye. Siku ile kisima kilikuwa chetu sawasawa na chao. Baba yako hakutoka kwa jirani. Jirani ndiye aliyepewa kisima baada ya baba yako kuondoka!"

Jawza alijishika kifua. Alianza kucheka, akashindwa kujizuia, na Badriya naye akacheka, wanawake wawili wazima wamepiga magoti juu ya ramani wanacheka mpaka machozi.

"Kilichobaki ni kitu kimoja," Badriya akasema akijifuta. "Barua ya ubalozi wa jirani kwamba Farraj si wao. Hiyo barua na ramani, kesho asubuhi tunamlaza Barrak chali."

Msomaji, nakuomba usifurahi haraka.

Ubalozini palikuwa na kijana mpole mwenye kompyuta mpya.

"Nataka barua kwamba baba yangu si raia wenu," Jawza akasema.

"Karibu sana. Pasipoti yake?"

"Hana. Si raia wenu."

"Namba yake ya uraia?"

"Kaka yangu, si raia wenu. Ndiyo barua ninayoitaka."

Kijana akaingiza jina, akangoja, akatikisa kichwa. "Hayupo kwetu."

"Alhamdulillahi. Basi niandikie hivyohivyo, hayupo."

"Hapo siwezi, dada. Barua za uraia tunawaandikia raia wetu peke yao."

"Akiwa raia wenu, nitawezaje kupata barua kwamba si raia wenu?"

Kijana akafikiri kweli. Ilionekana usoni kwamba hajawahi kuulizwa swali hilo na kwamba limemgusa.

"Ni kweli hutaipata," akasema. "Lakini pia asipokuwa raia wetu mimi sina mamlaka ya kumwandikia. Nitamwandikiaje mtu ambaye hayupo?"

"Umeona mwenyewe kwamba hayupo!"

"Nimeona. Nimesikitika. Karibu tende."

Jawza alikataa tende. Alitoka nje kwenye jua la saa saba, akasimama kando ya ukuta wa ubalozi mpaka askari akaja kumwambia asogee.

Jumatano walikwenda na ramani peke yake.

Jengo lenye dirisha namba saba watu wa Sulaibiya wanaliita Friji. Ukiingia mwezi wa nane unatetemeka, na mambo yote humo yamegandishwa. Mimi mwenyewe nimepanga foleni pale nikimsindikiza rafiki, nikatoka na mafua. Bwana Barrak aliwakaribisha ofisini, akaagiza chai ya nanaa, akaitandaza ramani mezani. Aliisoma kwa dakika kumi. Ni mtu wa taratibu, hapigi kelele, na kanzu yake haina hata mkunjo.

"Wakili," akasema mwishoni, "umesema kweli."

Jawza akamshika Badriya mkono chini ya meza.

"Kweli tupu. Mwaka ule kisima kilikuwa cha wote wawili. Nashukuru umenifundisha."

"Kwa hiyo karina imeanguka," Badriya akasema.

"Karina?" Bwana Barrak akaonekana kushangaa. "Hapana. Ramani hii inaeleza kisima kilikuwa cha nani. Mimi sina faili la kisima. Nina faili la Farraj."

"Unanitania?"

"Sijawahi kutania kazini. Kama mahali palikuwa pa wawili, ina maana alikuwa na hiari ya kuchagua. Hakuchagua sisi. Tumengoja miaka hamsini na minne."

"Nitakwenda mahakamani!"

"Nenda. Hakimu atakwambia uraia ni jambo la dola, yeye haruhusiwi kuligusa. Utalipa ada bure."

"Nchi hii imesaini mkataba wa haki za mtoto! Kila mtoto ana haki ya uraia!"

"Tumesaini. Tukaandika angalizo pembeni, kwamba kifungu hicho tunakifahamu kwa namna yetu."

"Kuna mkataba mliosaini bila angalizo?"

"Ipo," akasema Bwana Barrak kwa upole. "Mingi ya posta."

Badriya alitoka nje kupiga simu kwa mtu wa wizarani. Alisikika mpaka mwisho wa korido. Bwana Barrak alikunja ramani vizuri, akampa Jawza, na kwa mara ya kwanza katika sehemu kumi na mbili za hadithi hii akasema jambo lisilokuwa kwenye fomu.

"Baba yangu alikuwa kwenye foleni ileile. Hema lilelile."

Jawza akamkazia macho.

"Alikuwa na ngamia sitini. Aliulizwa wewe wa wapi, akasema Jahra. Walikuwa wamehamia Jahra wiki mbili kabla, kwa ajili ya harusi ya shangazi."

"Na ukilijua hilo bado unakaa kwenye kiti hicho?"

"Nisipokaa mimi atakaa mwingine, ambaye hatakwambia." Akasukuma karatasi ya rangi ya waridi, ile ya kukiri, kuvuka meza. "Kesho saa saba, dada yangu. Mlete mzee."

Alhamisi asubuhi Jawza aliamka hajaamua. Ukweli ndio huo, naye hakujificha nao. Akimtazama Shaikha alitaka sahihi. Akiwakumbuka wale arobaini na wawili wengine, alitaka karatasi ile ichanwe. Alikuwa anapika chai huku anamwomba Mungu amwondolee shauri hilo, na ombi lake likajibiwa vibaya: baba yake alitokea mlangoni amevaa kanzu nyeupe ya Idi, amejipaka udi.

"Twende," akasema.

Shaikha akaruka kutoka kitini. "Babu, usitie sahihi! Nitangoja mwakani."

"Mwakani watakuwa na karatasi nyingine."

"Ni uongo, babu! Watakuandikisha uongo!"

"Najua ni uongo, roho yangu. Nimeiambia serikali hii ukweli wa neno moja, umeona ulivyotufikisha. Leo niache nijaribu hivi."

"Na Mjomba Shafi je? Na watoto wake?"

"Shafi ana miaka hamsini. Wewe una kumi na minane." Akakivuta kilemba chake sawa. "Nimehesabu usiku kucha, sijui hesabu nyingine."

Shafi, mwanawe mkubwa, ndiye aliyewaendesha, maana ndiye mwenye gari. Walipofika mbele ya Friji alizima injini, akashika usukani kwa mikono miwili.

"Baba, mimi siingii. Ukitoka humo umesaini, nitakurudisha nyumbani, nitakubusu kichwa kama kawaida. Lakini siingii."

"Umefanya vizuri," mzee akasema, akafungua mlango.

Dirisha namba saba. Saa tano na robo. Bwana Barrak aliweka ungamo mezani, nakala nne, akaifungua na ile sahani ya wino wa vidole.

"Hiyo iondoe," mzee akasema. "Najua kuandika jina langu."

Hapa Jawza aligeuka ukutani. Ni yeye aliyemfundisha. Mzee alikuwa na miaka sitini, akasema siku uraia ukifika hataki kuweka kidole kama mchunga, anataka kuandika Farraj mwenyewe. Wakakaa miezi mitano na daftari la darasa la kwanza. Miaka kumi na minne sahihi hiyo ilikuwa inangojea karatasi yake. Leo aliiandika mara nne, polepole, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo, nukta zote mahali pake, akikiri kwamba yeye si wa nchi aliyoiendeshea lori.

Mhuri ukapigwa mara nne.

Kadi zilitoka saa sita kasoro dakika tano. Bado zilikuwa na joto la mashine. Shaikha alichukua yake bila kusoma, akaipiga picha kwa simu, akaituma chuoni palepale dirishani. Mama yake alimshika bega. Mzee alisimama nyuma yao akitetemeka kwa baridi.

Simu ikatetema. Shaikha akasoma. Akasoma tena.

"Wamekataa."

"Picha haionekani, tuma nyingine," Jawza akasema.

Shaikha alikuwa ameshapiga. Aliweka sauti nje, na mwanamke wa usajili akasikika wazi, anatafuna kitu.

"Kadi yako inasema mgeni, binti yangu. Nafasi uliyopewa ilikuwa ya bidun."

"Mimi ni bidun!"

"Mpaka leo asubuhi, naona. Sasa umethibitishwa uraia wako. Hongera. Wageni wanaomba kupitia dirisha lao."

"Niwekeni huko basi!"

"Lilifungwa mwezi wa sita."

Jawza alimgeukia Bwana Barrak. Alikuwa amemshika mkono wa kanzu kupitia kitundu cha kioo, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mwanamume wa nje maishani mwake.

"Ulijua?"

"Mambo ya chuo hayako kwetu," akasema. Lakini hakuuvuta mkono wake.

"Futa! Chana hizo karatasi! Turudishe bidun!"

"Dada yangu, hakuna fomu ya kurudi."

Hapo ndipo Mzee Farraj aliposogea mbele. Sikio lake moja halisikii tangu vitani, na alikuwa hajaelewa. "Ameingia?" akauliza. "Mtoto ameingia chuo?"

Shaikha alimkumbatia kiunoni, akaficha uso kwenye kanzu ya Idi. Mzee akampapasa kichwa, akamtazama Jawza, akaona uso wake, na akajua. Sijawahi kuandika jambo lililoniuma kama hilo, na ningeweza ningeliruka.

Bwana Barrak alifungua mtoto wa meza. Akatoa karatasi ya manjano. Aliitazama kwa muda kabla ya kuiweka mezani.

"Bado moja," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mgeni asiye na pasipoti wala mdhamini anajaza hii. Ni ya marejeo."

"Marejeo gani?" Jawza akauliza.

"Ya kwao."

Alijaza mwenyewe juu. Jina, Farraj. Walio chini ya faili, arobaini na watatu. Siku za kujitayarisha, tisini. Kalamu ikafika kwenye mstari wa mwisho, ikasimama.

"Mzee," akasema akimwinamia upande wa sikio zima, "hapa nahitaji jina la mahali tu. Unarudi wapi?"

"Baba, usijibu!" Jawza akapiga kelele. Foleni nzima ikageuka. "Usiseme neno! Baba, nakuomba kwa haki ya mama, funga mdomo!"

Mzee Farraj hakuwa akimsikia. Alikuwa anamtazama karani, macho yake mbali, na taratibu uso wake ukalainika, akawa tena kijana wa miaka ishirini mbele ya hema, anaulizwa swali rahisi na mtu mwenye viatu vinavyong'aa.

"Kile kisima," akasema, "bado kina maji?"

Bwana Barrak akainamisha kichwa, akaanza kuandika.